Kanda Yenye Majina Matatu

Vijana wangu, duka nimelifunga na macho yangu hayaoni tena waya mwembamba kama unywele, lakini bado mwaniletea simu zenu barazani nizitazame. Nazitazama. Juzi mmoja wenu, akisubiri, aliniuliza ni mchezo gani wa televisheni uliouzwa kuliko yote hapa Mombasa katika miaka ya tisini. Nilimwambia swali hilo ni la mwenye duka la kuuza. Muuzaji hujua kilichotoka. Fundi hujua kilichorudi.

Hata hivyo jibu ninalo, kwa sababu nilikuwa na njia yangu ya kulipata. Michezo wakati ule ilikuja ndani ya kasha la plastiki la ukubwa wa kiganja. Tuliliita kanda, ingawa ndani yake hamkuwa na utepe wowote, bali kibao cha kijani kilichopangwa vipande vya elektroniki. Kanda ilisukumwa katika mdomo wa mashine, na mashine ikaungwa na televisheni. Ukingo wa kile kibao ulikuwa na michirizi ya rangi ya dhahabu, nasi mafundi tuliiita meno. Kila kanda ilipotiwa na kutolewa, meno yalisuguka. Basi mimi nilitazama meno. Kanda isiyopendwa ilikuwa na meno yanayong'aa kama ya mtoto. Iliyopendwa ilikuwa imechubuka mpaka shaba. Kwa kipimo hicho, mchezo wa mpira ndio uliotafunwa zaidi, ukifuatwa na ule wa kurukaruka, kisha ule wa safari ndefu wa kutafuta funguo na kufungua milango. Mchezo wa matofali yanayoshuka ulipendwa na watu wazima, ila wao walikuwa na adabu. Hawakutoa na kutia ovyo.

Kulikuwa pia na kanda zilizoandikwa kwamba zina michezo mia tatu. Mteja mmoja aliniletea ya kwake akilalamika kuwa imeharibika, maana michezo inajirudia. Nilikaa nayo mchana kutwa nikiandika kila mchezo kwenye karatasi. Ilikuwa na michezo sita. Iliyobaki ilikuwa hiyo hiyo sita, huu umebadilishwa rangi ya anga, ule umeanzia katikati. Nilimrudishia nikamwambia kanda ni nzima kabisa, ndivyo ilivyozaliwa.

Sina cheti cha ufundi. Nilisoma katika vitabu vya redio vilivyouzwa njiani kwa mafungu, kamusi ikiwa pembeni, na katika mikono ya Jivanbhai. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi aliyetengeneza redio katika chumba kile kile ambacho baadaye kilikuwa changu, chini ya ngazi za nyumba ya ghorofa katika Mji wa Kale. Ukinyoosha mikono uligusa kuta zote mbili. Mimi nilikuwa karani wa ghala, nikija kwake kila jioni kumtazama. Kanuni yake ilikuwa moja: "Kwanza angalia, halafu nusa, halafu gusa. Mita iko mwisho. Mita ni shahidi tu. Hakimu ni wewe." Niaminini, nusu ya mashine zilizoletwa kwangu zikiwa zimeungua nilizitambua kwa pua kabla mteja hajamaliza salamu.

Alipoacha kazi aliniachia meza, taa, na chuma chake cha kutilia lehemu cha tangu ujanani, kipande cha shaba chenye mpini wa mti, kisicho na waya, cha kupashwa moto kwenye makaa. Nilimshukuru kwa heshima, nikakifanya cha kukandamizia daftari langu lisipeperushwe na pangaboi. Mimi nilikuwa na chuma cha stima. Cha makaa cha nini?

Daftari hilo lilikuwa la makosa yangu. Ukurasa wa kushoto niliandika kosa, wa kulia dawa yake. Nawashauri mwe nalo. Mtu husahau makosa yake upesi kuliko majina ya wakwe.

Kosa lililojaza kurasa nyingi ni la kupuliza. Nyinyi mwajua kwetu mtoto akilialia bila sababu, husomewa na kupulizwa. Basi kanda ilipokataa kucheza, watu waliitoa, wakasema Bismillahi, wakaipuliza kwenye meno, wakairudisha, na mara nyingi ikakubali. Mtaa mzima ulikuwa ukipuliza. Mimi mwenyewe nilipuliza mbele za wateja kwa miaka miwili, na kwa uso wa mtaalamu. Kisha nikaona kwamba kanda za mji wetu huoza meno kuliko zile zinazoletwa na watu wa bara. Nikachukua kanda mbili za aina moja. Moja niliipuliza mara kumi kila siku. Nyengine niliitoa na kuirudisha tu, nikiifuta kwa pamba na spiriti. Mwezi ulipokwisha, ile ya kupulizwa ilikuwa na kutu ya kijani mpaka kwenye fizi. Kumbe kilichokuwa kikisaidia ni ule msuguo wa kutoa na kutia. Pumzi ilikuwa ikileta unyevu, na unyevu pamoja na chumvi ya hewa yetu ukila shaba taratibu.

Nikabandika karatasi mlangoni: TAFADHALI USIPULIZE. Siku hiyo hiyo akapita Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu, mshonaji wa kofia za mkono. Kofia yake moja ilichukua miezi, na wanaojua walisema ukiigeuza ndani nje huwezi kuona fundo. Alikuwa pia adui mkubwa wa michezo ya televisheni mtaani kote. Alisimama, akasoma karatasi yangu, akasema, "Umefanya vyema, fundi. Jina la Mungu halipulizwi kwenye upuuzi." Akaenda zake. Niliikubali kama sifa.

Alikuwa na mwana, Nassor, karani huko gatini Mbaraki. Nassor alikuwa na mashine yake sebuleni kwa mama yake, naye mama akaivumilia kwa sharti kwamba izimwe akiingia. Kila Jumamosi kazi ilipokwisha adhuhuri, Nassor alikuja na mwenzake wa kazini, Kazungu, kijana wa kutoka Rabai aliyepanga chumba Ganjoni. Walicheza mpaka jioni, kisha wakaenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo na kubishana nani amecheza vibaya.

Huyu Kazungu nina kisa naye, lazima nikitaje kwanza. Alikuwa na kanda yake ya mpira. Kanda kama hiyo ilikumbuka ulipoishia, kwa sababu ndani yake mlikuwa na betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyokuwa ikilinda kumbukumbu mashine ikizimwa. Ya Kazungu ilianza kusahau. Nikaifungua, nikaona betri imechoka, nikaing'oa, nikatia mpya, yote hayo kabla chai yangu haijapoa. Kazi safi. Kazungu akaitia kwenye mashine, akatazama, akanitazama.

"Ubingwa wangu uko wapi?"

Timu yake, aliyoipa jina la kijiji chao, ilikuwa imechukua kombe mara nne. Haikuwako. Nilimweleza kuwa kumbukumbu hukaa maadamu betri inaishika. Ikiachwa hata kidogo, basi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo umemtoa mtu roho ili umpe roho mpya." Tangu siku hiyo aliniamkia njiani kwa jina la Fundi Mfutaji, na kwa sauti ya kusikika na kila mpita njia.

Niliandika kosa kushoto. Ukurasa wa kulia ulikaa mtupu muda mrefu. Dawa nilipoipata ilikuwa nyepesi kuieleza: kabla hujaing'oa betri ya zamani, unga nyaya mbili kutoka betri za nje, ili kumbukumbu ilishwe huku unafanya kazi. Kuifanya ndiko kulikokuwa na taabu. Nilijaribu kwa kanda tatu zangu za zamani. Mbili zilisalimika. Ya tatu ilifutika, nami nikagundua kwa nini: chuma changu cha lehemu kilikuwa kimechomekwa ukutani, na umeme kidogo ulivuja kupitia ncha yake. Basi nikaongeza: pasha chuma, kichomoe ukutani, ndipo uguse.

Sasa nirudi kwa Bi Zena. Ramadhani ya mwaka uliofuata alipatwa na kiharusi. Alisalimika, lakini mkono wa kulia ulilala. Sikumwona akipita kwa miezi mingi. Kisha Ijumaa moja, baada ya watu kutoka msikitini, nikasikia hodi mlangoni, naye huyo kajifunika buibui lake, mkono wa kushoto umeshika mwengine.

Nikamwamkia, nikampa kiti, nikauliza hali. Aliitikia yote kwa utaratibu. Kisha akauliza kama mimi ni mtu wa kuweka siri. Nikamjibu kwamba watu huniletea televisheni zao na mengine nayaona majumbani mwao, na hajapata kusikia hata moja. Akatikisa kichwa, akaridhika.

"Kesho Nassor atakuletea kanda yake ya safari," akasema. "Imeanza kusahau. Mna majina matatu humo. La kwanza ni lake, la pili la yule mwenzake wa Rabai. La tatu ni A nne, zimefuatana."

"Nimeelewa. Hizo A ni za nani?"

"Ni zangu."

Nilitazama meza. Nilihisi nikimtazama yeye nitacheka, na si mtu wa kuchekwa.

Akanieleza. Hospitali walimpa mpira wa kufinya ili vidole viamke. Aliona haya. Mwanamke aliyeshona kofia za masharifu, aketi akifinya mpira kama mtoto mchanga? Akautia kabatini. Asubuhi moja Nassor ameenda kazini, akaiona ile pedi ya vitufe iko kwenye mkeka, akaiweka kwenye mkono wake uliolala, ajionee tu. Kidole gumba hakikusogea. Akajaribu kesho yake. Siku ya tisa kikasogea, na mle ndani ya televisheni yule mtu mdogo akapiga hatua moja. Tangu hapo akawa anacheza kila asubuhi. Jina hakuandika, alibonyeza tu kitufe kile alichokiweza. Sasa alikuwa amefungua nyumba saba katika nane.

"Daktari ana karatasi zake," akasema. "Karatasi ya mkono wangu ni hiyo."

Nilimwambia ukweli, maana uongo kwa mgonjwa ni dhambi mbili. Kazi hiyo nimeifanya mara tatu, moja ikaharibika. Nikasema pia kwamba mambo yakienda vibaya, mkono wake haurudi nyuma. Ataanza tena na safari hii atafika upesi.

"Nyinyi mwaweza kuanza tena," akasema. "Mimi nilipoanza sikuweza kufunga kifungo cha nguo yangu. Pale sitaki kurudi, hata kwa kupatazama kwa mato." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Nassor asijue. Nitamwambia nini, mimi?"

Siri hiyo niliitunza mpaka alipotangulia mbele ya haki. Nassor nilimweleza baadaye. Alicheka, kisha akasema niwasimulie.

Siku ya pili saa sita na nusu Nassor akaja na kanda. Aliniambia jina lake na la Kazungu yalindwe. "Lile la tatu ni takataka, kitufe kilijibonyeza. Likifutika lifutike." Akaenda kuoga. Nikafunga mlango nusu, nikaanza.

Nyaya mbili nikaziunga. Nikapasha chuma, nikakichomoa, nikalegeza mguu wa kwanza wa betri ya zamani. Nikapasha tena, nikachomoa, nikalegeza wa pili. Betri ikatoka, na lehemu ilipoyeyuka pale, waya wangu mmoja ukaachia nao. Kidole changu cha kushoto kiliukandamiza mahali pake kabla akili haijakiamuru. Sikujua kama nimewahi au nimechelewa. Nilichojua ni kwamba kidole hicho hakiondoki. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikachomeka chuma ukutani kipate moto. Pangaboi likapunguza mwendo, likazunguka polepole, likasimama.

Stima imekwenda.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Jasho lilinishuka kwenye pua, nikalipuliza upande ili lisidondokee kibao. Mimi niliyebandika karatasi ya usipulize. Ndipo mlango ukasukumwa.

"Fundi Mfutaji," akasema Kazungu, "mbona umekishika hicho kama unakipima homa?"

Nikamwomba asinichekeshe. Nikamwambia achukue kile kipande cha shaba juu ya daftari, akisugue ncha kwa msasa mpaka ing'ae, akikimbize kwa muuza kahawa wa konani akakitie kwenye makaa. Akakigeuza mkononi.

"Hiki? Nilidhani ni cha kupondea vitunguu."

"Nenda, ndugu yangu."

Alirudi na muuza kahawa mwenyewe, amebeba jiko lake kwa vitambaa viwili, na nyuma yao wanywaji wawili wenye vikombe ambao hawakutaka kuachwa. Kazungu akainama kutazama. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema ya Nassor. Akasema Nassor amemwambia mna jina la takataka humo, A tupu, na yeye angelipenda kujua kwa nini lake lilifutwa kwa chai na pole, na takataka ya Nassor inatolewa jasho.

"Nilijifunza kwa lako," nikamwambia. Hayo yalikuwa kweli, ingawa si yote. "Na humo mna jina lako pia."

Mzaha ukamtoka usoni. Alikuwa amesahau. "Safari yangu imo humo? Mpaka ile ngome?" Akaipokonya shaba kwenye makaa, akaniletea ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

Chuma cha makaa hakina subira wala kipimo. Ukikiweka nukta mbili kibao kinaungua. Nukta moja ndiyo yako. Jivanbhai alinionyesha zamani: kikaribishe shavuni, si kukigusa, usikie joto lake, likikufanya ufumbe jicho, ni kali mno, ngoja kidogo. Nikangoja. Nikamwambia Kazungu alete uzi wa lehemu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Shaba ikagusa, lehemu ikang'aa, waya ukashika. Nikaondoa kidole. Kilikuwa na alama ya waya kama kimefungwa uzi.

Iliyobaki ilikwenda kwa utaratibu. Betri mpya mguu wa kwanza, kurudi kwenye makaa, mguu wa pili, kisha nyaya za nje nikazitoa. Tukakaa tukisubiri stima, Kazungu akitununulia kahawa. Hakunitania hata mara moja, na hilo lilinitia hofu kuliko kitu chochote.

Stima iliporudi alasiri, nikaitia kanda kwenye mashine yangu ya majaribio. Mistari mitatu ikatokea. NASO. KAZU. Ya tatu, A nne, na pembeni yake picha ndogo za funguo saba, mmoja kwa kila nyumba. Nikazihesabu mara mbili. Kazungu naye akazihesabu.

"Hebu," akasema. "Nassor ana tano. Mimi nina nne. Takataka ina saba?"

Nikamwambia hizi mashine za zamani zina maajabu yake. Sijui mpaka leo kama aliniamini. Ila tangu siku hiyo aliniita Fundi bila mkia, na ile shaba nikaiondoa kwenye daftari, nikaitundika ukutani mahali pa heshima.

Miezi ikapita. Mfungo Sita wa mwaka uliofuata, siku chache baada ya Maulidi, Bi Zena akaniita nikamtengenezee antena. Antena haikuwa na neno. Alimtuma Nassor dukani kununua sukari, kisha akanitolea kofia iliyofungwa katika kitambaa cheupe. Nikaigeuza ndani nje. Hapakuwa na fundo. Lakini safu ya kwanza, ile ya ukingoni, ilikuwa imepinda kama njia ya chungu.

"Hapo ndipo nilipoanzia," akasema. "Usije ukampa mtu aifumue."

Nikamwambia nitaivaa hivyo hivyo. Ninayo mpaka leo. Ndiyo hii mnayoniuliza kwa nini siibadilishi.

Nikauliza kuhusu nyumba ya nane. Akasema ameifungua siku nyingi. Hamkuwa na kitu cha maana humo, binti mfalme tu. Akawasha mashine, akashika pedi kwa mikono miwili, na mistari mitatu ikatokea. Akashuka mpaka wa tatu, akachagua neno la kufuta. Nilikuwa nimelitilia jasho jina lile kuliko langu. Mashine ikaandika swali kwa Kiingereza.

"Yasemaje?"

"Inauliza kama una hakika."

"Iambie ninayo," akasema Bi Zena, akabonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia.

Nassor aliporudi na sukari alitupa jicho kwenye televisheni, akauliza nani ameifuta ile takataka.

"Mimi," mama yake akamjibu, akimimina kahawa bila kuinua macho. "Takataka si za kufagiwa?"